Sekunde Mbili Juu ya Duara

Mimi napika. Niliwahi kusoma umeme chuo cha ufundi, nikatoka na cheti safi kabisa, lakini kwenye machimbo haya nje ya Magamba hakuna anayemwita mwanamke kushika mashine. Duara, yaani lile shimo la dhahabu, mwanamke halisogelei kabisa. Wanasema dhahabu inakimbia. Kuna kamba ya bluu wameifunga kwenye miti miwili, hatua kama hamsini kutoka kwenye banda langu la chakula, na mwisho wangu ni hapo. Wali wangu unavuka, maharage yangu yanavuka, mimi sivuki. Haya.

Anayeshuka ni mume wangu. Miaka yote walimshusha kwa winchi ya mkono, wanaume wawili juu wanazungusha, yeye amekaa kwenye kijiti kilichofungwa kamba kama bembea. Kisha tajiri mwenye duara akaleta winchi mpya iliyochomelewa Mpanda mjini. Ina mota inayotumia jenereta, na pembeni ina hendeli ya mkono kwa siku ambayo jenereta litagoma. Unahamisha gia tu. Jumamosi mume wangu alikuja nyumbani akaisifia mpaka ugali ukapoa.

"Jenereta likizima, yule wa juu anaitoa gia kwenye mota, anaipeleka kwenye hendeli. Sekunde mbili tu."

"Na hizo sekunde mbili," nikamuuliza, "wewe umeshikwa na nani?"

Akacheka. "We mwanamke una maneno!"

Jumatatu angekuwa wa kwanza kushuka nayo. Hasira zilinipanda, maana swali langu alikuwa amelifanya kichekesho.

Watoto wangu wana ndoo ya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ya kubandika moja juu ya jingine. Niliwanunulia kwenye mitumba sokoni Mpanda. Ndani yake mna gia za plastiki, vijiti vyake, na mota ndogo ya betri. Jumapili tulipotoka kanisani nikawaambia, leo zamu ya mama. Wakanuna, lakini nikaibeba ndoo mpaka bandani nikajenga winchi juu ya meza. Gia moja niliiacha iteleze kwenye kijiti chake. Ukiisukuma kushoto inauma gia ya mota, ukiisukuma kulia inauma ya hendeli. Katikati haiumi kitu chochote. Hapo katikati ndipo nilipopataka mimi. Nikafunga uzi wa katani, nikaning'iniza kikombe cha mtoto, ndani nikaweka yai bichi.

Walipokuja kula mchana, tajiri akiwemo, nikawaita.

"Nyie, njooni muone winchi yenu."

Mota ikavuta, kikombe kikapanda, wakashangilia kama mpira umeingia golini. Nikazima mota, kikombe kikasimama, maana gia za mota zinashika hata ikizima. Nikahamisha gia. Yai halikudondoka! Gia ilikuwa imebana upande, ikakwama, na kikombe kikabaki kinaning'inia kwa raha zake. Banda zima likalipuka.

"Shemeji, winchi yako imetutetea!" mmoja akapiga kelele.

Tajiri alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, toi ni toi. Lete chai."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mume wangu peke yake hakucheka. Akainuka, nikadhani anakuja kuninyang'anya kile kitu tumalize aibu. Kumbe akashika gia mwenyewe, akaivuta vile wanavyovuta kule juu, kwa nguvu na kwa haraka, maana kwao aliye kwenye winchi akifanya taratibu anazomewa kuwa mkono wake mzito. Gia ikafika katikati, kikombe kikaporomoka. Yai likapasukia kwenye kiatu cha tajiri.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikaweka yai la pili kabla hawajapata la kusema. Kabla ya kugusa gia nikachomeka kijiko cha chai kati ya meno ya ile gia kubwa inayozungusha uzi. Nikahamisha polepole, nikashika hendeli, ndipo nikachomoa kijiko. Yai likapanda zima.

"Kwenye ile kubwa wekeni chuma," nikasema. "Na wa juu asiguse gia mpaka wa chini aulize kama chuma kipo, ajibiwe."

Tajiri akasema atafikiria. Nilimjua, hakuwa na mpango wa kufikiria chochote.

Jumatatu asubuhi nikakuta jiko langu lina nondo moja ya kuwekea sufuria badala ya mbili. Mume wangu alikuwa ameichukua bila kuniaga. Moyo ukatulia kidogo. Jenereta likawashwa, nikakaa kumenya viazi huku nalisikiliza. Kiazi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Likazima.

Sijui kisu nilikiangushia wapi. Nilikimbia. Ile kamba ya bluu niliipita kwa kifua, nasikia nyuma yangu wanapiga kelele, "Mwanamke kavuka! Mwanamke kavuka!" Nilipofika, kijana wa watu aliyesimama kwenye winchi tayari mkono wake uko kwenye gia. Nondo yangu imelala chini kwenye vumbi. Kamba imenyooka kuingia shimoni, na kutoka huko chini ikaja sauti ya mume wangu.

"Chuma kipo?"

Yule wa winchi aliacha hata kuangalia kamba. Alikuwa ananikodolea macho mimi, mkosi wenyewe umemjia kwa miguu, na mkono hajautoa kwenye gia.

"Jamani, chuma kipo?"

Niliokota nondo nikaisukuma kati ya meno ya gia kubwa mpaka ikagonga fremu.

"Kipo!" nikapaza sauti. "Kipo, baba watoto!"

Halafu kutoka chini: "We, umefikaje huko?"

"Hamisha gia," nikamwambia wa winchi. "Polepole, tafadhali, polepole."

Gia ilipotoka kwenye mota, kamba ilishuka upana wa kidole. Nondo ikalia, ikashika. Kisha wakashika hendeli, nikachomoa nondo, wakampandisha kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko, mpaka nikaiona kofia yake.

Waliniamuru nilete kuku mweupe wa kusafisha duara. Nilileta. Wakafanya mambo yao, kisha wakanirudishia nimpike, maana mpishi ni nani? Mume wangu alipewa paja. Hakuniangalia usoni, ila nusu ya lile paja aliirudisha kwenye sahani yangu.

Nondo yangu sikurudishiwa. Imefungwa kwa mnyororo pale kwenye winchi. Kamba ya bluu nayo ipo palepale, na mimi sivuki. Ila jenereta likizima naacha kila kitu, hata wali uungue, nasimama na mwiko mkononi mpaka nimsikie mtu kule anaitikia, "Kipo."