Namba niliyoifuta kwa msasa

Jamani, leo nimemfutia mzee wa watu kitu alichokifuata kutoka Msimbati.

Kwenye gereji ya mjomba, hapa Rahaleo, tunafufua Landrova kuukuu ya jeshi. Asubuhi aliniambia nisugue kutu ya mlangoni kwa msasa. Nikasugua mlango mzima, pamoja na namba ya jeshi iliyofifia.

Nilitaka aone najituma.

Mchana akaja mzee aliyekuwa dereva jeshini. Akainama mlangoni.

“Namba iko wapi? Nataka kujua kama ndiyo niliyoiendesha.”

“Muulize fundi wetu,” mjomba akasema, akinitazama.

Nikamsogelea na msasa mkononi.

Mzee akanishika mkono, akatazama vumbi la kijani kwenye kucha zangu.

“Rangi ndiyo hii,” akasema taratibu. “Ila gari za rangi hii zilikuwa nyingi, mjukuu wangu.”

Mngekuwa ninyi mngemwambia nini? Mimi mpaka sasa sijanawa mikono.