Terazo ya Mjomba

Nilipochimba bwawa la kuogelea kwenye gesti yangu hapa Same, kila aliyepita getini aligeuka fundi. Huyu paka rangi, yule bandika marumaru, basi kelele tupu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: bwawa lisilobanduka ndani kwa jua letu hili na maji yetu ya chumvi. Mjomba, kaka yake marehemu mama, alishuka kutoka milimani akamaliza ubishi. "Rangi haitoboi misimu miwili. Marumaru zitakuchania wageni miguu. Piga terazo, mwanangu."

Maisha yake yote alikuwa fundi wa ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba huko juu. Mjini, alikokuwa akipiga sakafu za terazo, walishaacha kumwita, eti kazeeka. Aliniambia bila kuficha kwamba anaitaka kazi yangu ili watu waone mikono bado ipo. Nikampa.

Alichanganya saruji nyeupe na chembe za mawe, akasiriba, akasugua hadi ukipitisha kiganja hukwami popote. Tukajaza maji. Terazo mbichi haiachwi ikauka. Inakaa ndani ya maji hadi ikomae, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikaenda zangu Mwanga siku mbili.

Niliporudi bwawa lilikuwa tupu. Mjomba kaamka alfajiri, kachomoa kizibo, kamwagilia mchicha wangu. Ndiva hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi. Amefanya hivyo tangu ujana, mikono ikaenda yenyewe. Jua la Same nalo halina subira. Terazo ilikuwa imejaa nyufa nyembamba kama nywele.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ni mazoea."

Ningeweza kunyamaza. Mbele ya vibarua nikamwambia, "Wewe ni wa matope, mjomba. Rudi kwenye matope yako." Kisha nikampa nyundo na tindo aibandue mwenyewe. Nilijua ninachofanya, na niliona raha, sitadanganya. Siku tatu aligonga, mimi nimeketi kivulini na chai yangu, namwonyesha kwa kidole alipobakiza. Chini ya ukuta wa jiko, ambako jua halifiki, tindo ilidunda tu. Nikamwambia inatosha, aende. Alitembea kwa miguu hadi stendi na gari langu limeegeshwa pale pale.

Fundi wa marumaru akabandika, bwawa likang'aa, nikatamba mji mzima. Msimu uliofuata marumaru zikaanza kung'oka upande ule ule wa jikoni, na mgeni akachanika unyayo. Nikaita fundi mwingine. Alipiga magoti akapapasa terazo iliyofunuka chini yake, haina ufa hata mmoja.

"Aliyefanya hii yupo?" aliuliza. "Mwite huyo huyo. Mimi hapa siharibu."

Nikapanda mlimani. Nilimkuta kwenye ndiva pamoja na majirani zake, anaziba tundu la maji kwa udongo, matope hadi viwikoni. Nilishafungua mdomo nimwamkie, akaniwahi. Alivua kofia, akainama, mtu aliyembeba mama yangu mgongoni.

"Shikamoo, bosi."

Majirani wakaacha majembe. Walikuwa wananisubiri niitikie.