Sluisi na Shamba la Mama

Wajukuu wangu hawajui sluisi ni nini, na sioni hasara. Ni neno la wazungu wa mugodi, wale wa Walikale. Ilikuwa mufereji mrefu wa mbao. Walimwaga humo udongo wa mulima, wakaupitishia maji. Mawe meusi ya bati yalibaki chini kwa uzito, matope yakaenda. Wanaume wakaita kazi yenyewe hivyo hivyo. Baba alisema "niko sluisi" kama mwingine anavyosema niko shambani. Sisi wanawake tuliita sluisi yale maji mekundu, kwa sababu sisi njo tuliona yanakoenda.

Yalienda bondeni. Mama alikuwa muntu wa milima ya Kibabi, akaolewa kule porini, na bonde lile alililima peke yake, mateke matupu, yale wengine wanayoita magimbi. Watoto sita tulikula humo.

Kufungua mulango wa bwawa la maji ya sluisi ilikuwa kazi ya baba. Mwaka walipochimba bwawa kubwa zaidi, mama akamwambia:

"Papa wa batoto, siku ya kufungua uniambie mbele. Nitoe mateke, hata kama haijakomaa."

"Kapita anayetusimamia amekataza tuseme."

"Kapita analala mu nyumba hii?"

"Akilala, utamupikia vizuri kuliko unavyonipikia mimi."

Mama hakucheka.

Siku yenyewe baba alikula bugali, akatoka bila neno. Mimi na mama tulikuwa tunapalilia tuliposikia maji. Tulipanda kilima kwa mikono na magoti. Tulipogeuka, hata jani moja la teke halikuonekana.

Baba aliporudi alisema, "Ningesema, wangenipiga fimbo." Hiyo iko kweli. Makovu ya mugongo wake niliyaona. Lakini angeweza kusema leo musiende bondeni, basi, bila kutaja maji.

"Ulijua tuko kule?" mama akamuuliza.

Akatazama miguu yetu, bado ina matope.

Kesho yake mama alifunga mizigo, tukashika njia ya Kibabi kwa miguu, mudogo wetu mugongoni mwake. Baba alitusindikiza mpaka kwenye daraja. Kengele ya kazi ikalia. Akamugusa mutoto kidogo kichwani, akageuka, akarudi sluisi mbio, asichelewe.