Kinyozi Aliyejinyoa

Mikono ilipoanza kumkataa, kinyozi aliificha kama mzazi anavyomficha mtoto mwizi. Alivaa mashati ya mikono mirefu, akawa hakosi kushika kitana, na mteja akimkazia macho alisema leo kuna baridi. Ilisaidia kwa muda. Halafu akamkata sikio karani mmoja aliyekuja kunyolewa kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, damu ikachirizika hadi kwenye kola nyeupe, na tangu siku hiyo kiti chake kikabaki kinatazamana na kioo. Mwenye chumba akampangisha mtu mwingine.

Alikuwa mnyoaji wa mkasi na wembe. Mashine za umeme alizidharau waziwazi. "Hizo ni za kunyolea kondoo," alikuwa akisema, na wateja walicheka, wakarudi tena kwake. Kwa hiyo mtaa ulipotafuta jina la kumbandika, haukuhangaika. Wakamwita Mashine, kwa kuwa alitetemeka bila hata kuchomekwa kwenye umeme. Watoto wakimwona anapita pembeni mwa ukuta, mkono wa kulia ukicheza peke yake kifuani, waliitana, "Mashine imewaka." Wakubwa waliwakemea watoto, kisha wakageuka pembeni kucheka.

Hospitali walimwambia ugonjwa huo hauponi, ila una dawa. Akimeza, mkono ulitulia kwa saa chache kama mtoto aliyepewa titi. Dawa ikiisha mwilini, mtoto alianza kulia upya. Dawa zenyewe zilikuwa ghali. Mkewe, aliyekuwa akifagia na kupiga deki madarasa ya shule, alizinunua kwa kuruka: mwezi huu vidonge, mwezi ujao unga.

Ndipo waliposikia habari za ruzuku. Serikali ilikuwa ikiwapa kidogo kila mwezi watu wazima wasio na kipato ambao ugonjwa au ulemavu umewatoa kazini, na pamoja na hela iliwapa kadi ya kuchukulia dawa bure. Kinyozi aliitamani ile kadi kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Daktari alimwandikia cheti, ofisi ikakipokea, ikabaki hatua moja tu: afisa wa ustawi aje nyumbani, amwone mgonjwa kwa macho yake.

Mkewe alijua macho ni kitu gani. "Nisikilize, baba watoto," alimwambia jioni ya kuamkia siku yenyewe. Juu ya kabati kulikuwa na vidonge vichache vilivyosalia kwenye pakiti. "Kesho usimeze kitu. Akuone ulivyo. Ukimwaga, mwaga. Ukidondoka, dondoka, mimi nitakuokota akishaondoka."

"Nimpokee mgeni hivi?" Kinyozi alijishika kidevu. Ndevu zilikuwa zimeota kwa mafungu, hapa msitu, pale jangwa.

Hizo zilikuwa kazi ya shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi rangi wa majumba. Ndevu zikizidi alikuja kumnyoa, akamfunga taulo shingoni na kumkalisha uani, wapangaji wote wakiona. "Tulia, shemeji, usiniharibie ukuta," alikuwa akisema, na wapangaji waliangua kicheko. "Si wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata? Basi nyoosha shingo, fundi nimefika." Mtu aliyekuwa amenyoa nusu ya videvu vya mji alikaa pale amefumba macho, akikwanguliwa kama mlango wa zamani.

"Mpokee hivyohivyo," mkewe alisema. "Heshima hailiwi."

Asubuhi mke alikwenda shuleni kuomba ruhusa. Kinyozi alibaki na kioo. Aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Katika kazi yake hakuwahi kumwachia mtu atoke mlangoni kwake akiwa na sura ya namna ile, hata mlevi, hata asiyekuwa na hela. Akajiambia atameza kimoja tu kwa ajili ya ndevu, na kwamba afisa akifika mkono utakuwa umeshaanza tena kucheza. Akameza. Kisha, kwa kuwa mkono ulichelewa kutulia, akameza na cha pili.

Alijinyoa polepole, ngozi ameivuta kwa vidole viwili, wembe ukishuka shavuni kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. Hakujikata popote. Alibadili shati, akafuta meza, akateleka chai. Kisha akakaa kuutazama mkono uliokuwa umelala gotini kama paka aliyeshiba, na kwa muda huo alikuwa na furaha.

Mkewe aliporudi alimkuta afisa ameshafika. Alikuwa msichana nadhifu mwenye beji kifuani, amekaa kwenye kiti kisicholegea, na mbele yake kinyozi alikuwa anamimina chai. Chai ilishuka kikombeni kwa uzi mmoja mwembamba. Mke alisimama mlangoni. Mume hakaripiwi mbele ya mgeni, lakini alikitazama kile kidevu kinachong'aa kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Karibu, mama," afisa alisema. "Tunaongea na mzee hapa. Naona yuko vizuri."

"Ni dawa hiyo, bibie. Wewe, mwambie ni dawa."

"Nimeshamwambia," kinyozi alisema. "Nimemeza leo kwa ajili ya mgeni."

"Kwa hiyo dawa unazo," afisa alisema.

"Ndizo za mwisho, mwanangu."

"Kila nyumba ninayoingia naonyeshwa kitu cha mwisho, mzee." Hakulisema kwa ubaya. Alipuliza chai yake, akanywa. "Kazi yangu mimi ni kueleza nilichokiona. Na nilichokiona kinatia moyo. Hongera sana." Alishukuru kwa chai, akasema ni tamu, akaenda zake, maana alikuwa na nyumba nyingine za kupita mtaani.

Mke alifunga mlango, akauegemea.

"Umejinyoa," alisema.

Kinyozi alijipapasa kidevu.

"Nilikuomba kitu kimoja. Sikukuomba ubebe gunia. Nilikuomba ukae hapo utetemeke. Kila siku unaifanya hiyo kazi bure, leo ya malipo umegoma."

"Nilitaka anione na mimi ni mtu."

"Amekuona. Haya, weka utu wako sufuriani nikupikie."

Kuelekea mchana dawa ilianza kumtoka. Mke alikuwa ameketi mbele yake akiulinda ule mkono kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. Kidole gumba kilipocheza tu, akamwinua. Afisa alikuwa bado yuko mtaani, amesimama kivulini penye dirisha la muuza duka, akinywa soda na kungoja gari la ofisi. Kinyozi alivutwa njia nzima, hatua zake fupi zikikwangua vumbi, na walipofika mkono ulikuwa unagonga kifua kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyofunguliwa.

"Mtazame sasa," mke alisema. "Huyu ndiye mume wangu."

Afisa alitua chupa. "Mzee, asubuhi hukumwaga hata tone."

"Dawa imekwisha mwilini." Sauti nayo ilitetemeka, na hilo likamharibia zaidi.

"Wiki hii nimemtembelea kipofu aliyeniita kwa jina kabla sijajitambulisha. Alilisoma hapa." Aligusa beji yake. "Kwa hiyo msinione mgeni wa mambo haya."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Shemeji naye alikuwepo, ndoo ya chokaa mkononi. Afisa alimgeukia muuza duka, aliyeegemea dirisha lake. "Wewe unaishi naye. Huyu mzee ni mgonjwa kweli?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Muuza duka hakuwa na kisa chochote na kinyozi; alikuwa mteja wake wa zamani, na ugonjwa ulipoanza alikuwa wa kwanza kumpelekea sukari ya pole. Lakini macho ya watu yote yalikuwa yamemwelekea yeye, na mzaha ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Huyo?" alisema. "Huyo ni Mashine, dada yangu. Ana swichi. Mkewe akibonyeza anawaka, akibonyeza tena anazimika."

Kicheko kilizunguka pale dukani. Shemeji alicheka kabla hajajizuia, chokaa ikamwagikia viatuni. Afisa hakucheka. Aliandika kitu, akafunga mkoba, akasema kwa upole uleule kwamba anayejaribu kudanganya hapokelewi tena katika mpango, na kwamba hiyo ni sheria, si yeye. Mke alianza kusema hospitali ipo, cheti kipo, waulizeni wao. Gari lilikuwa limeshapiga honi.

"Jamani, mimi nilikuwa natania," muuza duka alisema gari lilipokata kona. Akafungua soda ya baridi, akampa kinyozi bure. Zaidi ya nusu ilimwagikia kifuani, kwenye lile shati safi.

Siku hizi kinyozi anakaa kwenye lango la hospitali. Mkewe ndiye aliyepachagua, baada ya kujaribu sokoni na stendi. Wanaokuja kutazama wagonjwa wao, alisema, wana hofu moyoni, na mwenye hofu hutoa. Humfikisha asubuhi kabla ya kwenda kufagia shuleni, akamtandikia gunia, akamweka upande ambao jua halimpigi usoni mapema. Shemeji ameambiwa aache kumnyoa. Mwenye kidevu safi hapewi kitu.

Na watu wanatoa kweli. Mkono unavyochachamaa ndivyo bakuli linavyojaa, hata vidonge vimenunuliwa, pakiti nzima, iko juu ya kabati.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuvinunua, kinyozi alisimama mbele ya kabati hadi mkewe akamwona.

"Nimeze kimoja?" aliuliza.

"Meza," mke alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa anakung'uta gunia. "Nani amekukataza? Ila ukimeza tukae wote nyumbani leo, maana mkono uliotulia hakuna wa kuutilia kitu. Na hivyo vikiisha, tutanunua vingine kwa hela gani?"

Kinyozi alilifikiria hilo. Alikuwa mtu wa akili, na alilizungusha huku na huku akitafuta lilipo tundu lake, asilione. Akaushusha mkono kutoka kwenye kabati, ukaendelea kupiga paja.

Mke alimvalisha koti, akamfunga kifungo cha juu, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni jinsi fundi anavyoikagua kazi kabla ya kuitoa.

"Twende," alisema. "Leo umeamka vizuri."