Pakacha la asumini chini ya mfuniko lilivyookoa harusi Mpendae

Wakuu, salaam aleikum.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Nikitia chumvi, masika yanifuate chumbani.

Mimi kibarua wa banda la pampu, Mpendae. Maji ya mitaro yanakusanyika kwenye shimo, pampu inayasukuma baharini. Chini ya mfuniko wa shimo kuna sensor inayotazama maji yako umbali gani. Yakipanda, pampu inajiwasha, na alert inakuja kwenye simu yangu.

Tatizo ni bamvua, yale maji makuu ya bahari. Bahari ikijaa, lango la kutolea maji linajifunga. Mvua ikinyesha wakati huo, uani kwa Bi Salma, jirani wa banda, kunaogeleka.

Na Jumamosi ile alikuwa anamuoza bintiye wa pekee, uani hapohapo. Mvua ishatangazwa.

"Mwanangu, maji yakiingia kwenye biriani, wewe ndo nitakayekupakua."

Nikamuahidi hayaingii. Sijui nlitegemea nini, wakuu.

Asubuhi ya harusi simu ikalia: shimo limejaa! Mvua hata tone. Nikakimbia. Pampu inanguruma, bahari imekupwa, shimo linakaribia kukauka, sensor bado inashikilia limejaa.

Kuchungulia chini ya mfuniko: pakacha la asumini na mrehani linaning'inia kwa kamba, usoni mwa sensor!

"Bi Salma, nini hiki?"

"Wageni wanakuja, mwanangu, na shimo lako linanuka. Nnyamaze tu?"

(Bora hakutia udi. Humo mna gesi!)

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sensor imeona maua, ikadhani maji.

Nikampigia injinia wa pampu, nikijua kazi imeota mbawa. Akaniambia:

"Toa maua. Hayo maji yashatoka, basi afadhali."

Mchana mvua ikamwagika, bahari imejaa, lango likajifunga. Nimeganda na simu. Maji yanapanda. Yanapanda.

Yakasimama chini kidogo ya ukingo. Shimo lilikuwa tupu, likapata pa kuyaweka!

Uani vigelegele, wapishi wanapakua. Bi Salma akaniletea sahani, juu kaweka kikuba cha asumini.

"Si unaona maua yana kazi?"

Siku hizi mvua ikitangazwa, tunalitoa shimo maji mapema, bahari ikiwa imekupwa. Injinia kaingiza kwenye system. Sisi tunaita "kutia pakacha".

Nlichojifunza: nafasi hutengenezwa kabla mgeni hajabisha hodi.

Form four yangu ya kusuasua, lakini nshaanza kuota kuzisomea sensor hizi. Mwenye kujua pa kuanzia aniambie hapo chini. Na kwenu mitaro ikoje?