Maji ya Majivu Chunguni mwa Nyar Uriri

Juzi, katika hoteli moja mjini Migori, nililetewa ugali na osuga, ile mboga chungu ambayo wengine huiita managu. Niliinusa kwanza. Mhudumu akaniuliza, "Mzee, kuna nzi?" Nikamwambia hapana. Rafiki yangu, nimeishi miji mingi na kula kwa watu wengi, lakini sijawahi kula mboga bila kuichunguza. Tabia hiyo niliitoa Kisegi.

Nilifika Kisegi nikiwa na miaka tisa, safari ya siku mbili kutoka Macalder, ambako baba alikuwa akichimba dhahabu. Tulitembea, tukapanda lori la mkaa, tukalala kwa jamaa, kesho yake tukamalizia kwa baiskeli hadi kwa bibi. Baba alinikabidhi akageuza siku hiyo hiyo. Bibi alinipokea kwa bakuli la osuga iliyolala chunguni siku tatu, ikiongezwa maziwa asubuhi na jioni. Aliilainisha kwa maji ya majivu: alichoma maganda ya maharage, akatia majivu yake katika chungu chenye matundu, akamwagia maji, na matone ya kahawia yakadondokea kibuyuni mchana kutwa. Bado nayasikia.

Pale nyumbani alikuwepo pia mke wa baba mdogo. Tulimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, maana huko mke huitwa kwa alikotoka. Alikuwa na mwaka na zaidi katika ndoa, lakini bado alipikia kwenye moto wa bibi. Ndiyo desturi: mpaka mama mkwe akuwekee mafiga yako, wewe ni mgeni mwenye mume. Mawe matatu yalikuwa tayari, yameegemea ukuta wa nyumba yake. Bibi alisema atayaweka siku Nyar Uriri atakapopika osuga ambayo ulimi wake hautaikataa.

Shida ni kwamba bibi alimshuku kuwa mtu wa njia za mkato. Na kweli, ng'ombe alipokauka, Nyar Uriri alitwanga njugu akazitia mahali pa maziwa. Mimi nililamba sahani.

"Hii ni mboga au ni uji?" bibi aliuliza.

"Ni njugu, mama. Kwetu tunafanya hivyo."

"Kwenu. Mboga hailali usiku mmoja ikaamka na umri wa siku tatu."

Nyar Uriri alikuwa akiniwekea viazi vitamu vilivyoungua kidogo pembeni, jinsi nilivyovipenda. Kwa hiyo yale mawe niliyataka, labda kuliko yeye mwenyewe.

Ijumaa moja bibi alimwachia apike peke yake chakula cha Sabato, siku ambayo hatukupika. Jirani angekuja kula. Jioni Nyar Uriri alipokwenda kuteka maji, nilifunua chungu. Nilinusa njugu tu. Nikajua bibi atakosa ladha ya majivu na mambo yataharibika. Nikachota pawa mbili kutoka kibuyu cha bibi, nikamimina, nikakoroga, nikafunika. Sikujua kwamba Nyar Uriri alikuwa ameshatia magadi ya dukani, ambayo hulainisha kama majivu lakini hayangojewi mchana kutwa.

Kesho yake, baada ya kanisa, bibi alionja wa kwanza. Alimeza kama anayemeza mwiba wa samaki. Jirani akaonja, akafuta midomo. "Nyinyi mmepika au mmefua?"

Nyar Uriri naye akaonja. Akaweka tonge chini polepole. "Mama, kuna mtu amegusa chungu changu."

"Jiko hili lina wapishi wawili," bibi akasema. "Unamaanisha mimi?"

Nyar Uriri akafunika chungu. Angesema ametia magadi kidogo tu, angekuwa amejishtaki. Mimi nilikula ugali mkavu, macho kwenye sahani.

Tangu siku hiyo bibi alilala na kibuyu chake kando ya kitanda. Nyar Uriri alifunga chumvi yake kwenye pindo la leso na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Kila mmoja aliniita nionje cha mwenzake kwanza. Nilikuwa mtu pekee waliyemwamini wote wawili.

Baadaye baba mdogo alimchukua mkewe wakahamia mji wa Homa Bay, bila mafiga. Leo bibi hayupo, chungu cha matundu hakipo, na osuga huiva upesi kwa magadi na njugu, wala hakuna anayeuliza imelala siku ngapi.

Asubuhi niliyoondoka Kisegi moja kwa moja, bibi alinisindikiza. Tulipita nyumba ya Nyar Uriri, kufuli mlangoni, nyasi zimeota kati ya yale mawe matatu. Bibi alisimama hapo kidogo.

"Ukifika kwa watu, nusa kabla ya kula," alisema. "Anayeharibu chungu hatoki mbali."

Nilifungua mdomo.

"Una kiu?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.