"Ndiyo, Afande" Si Kukiri Kosa

Mwanangu Zawadi, hebu weka hizo buti chini kwanza. Tumezunguka Kariakoo nzima kuzitafuta, na kesho unaripoti kambini, basi nisikilize kabla hujazijaribu tena.

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa dereva wa lori jeshini, msichana wa miaka ishirini na mitatu, najiona nimeshamaliza yote. Breki zikafeli, lori likagonga ukuta wa ghala. Ofisa akaniita, akaniuliza, "Unaelewa kwamba gari lilikuwa mikononi mwako?" Nikakakamaa: "Ndiyo, afande!" Sisi askari tukisema vile tunamaanisha tumesikia, basi. Karani wake akaandika kwamba nimekiri uzembe. Nikasukumiwa karatasi, nikasaini bila kusoma hata mstari mmoja. Ujinga mtupu! Mbele yangu kulikuwa na jela na kufukuzwa jeshini.

Kabla ya kesi, mjomba wangu alikuja kuniona. Alikuwa sajini mstaafu, anauza spea za magari pale mtaa wa Gerezani, mikono inanuka grisi hata siku ya Idi. Hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Breki uliziripoti?"

"Mara tatu, mjomba. Niliandika kwenye kitabu cha gari."

"Halafu ukasaini kwamba kosa ni lako? Nani kakwambia mwanajeshi hana haki ya kutetewa? Kadai mtetezi!"

Alinifokea mpaka nikalia. Nilimchukia siku ile, wallahi.

Mbele ya mahakama ya kijeshi nikasimama wima. "Hapana, afande. Sijakiri. Naomba mtu wa kunitetea." Mmoja wa maofisa waliokuwa wakisikiliza kesi akaniuliza kama nina wazimu. Nikarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Nikapewa mtetezi, na kitu cha kwanza alichodai ni kile kitabu. Mwandiko wangu ulikuwemo, mara tatu. Nikaachiwa, nikarudi kwenye usukani wangu.

Kwa hiyo amri halali itii, tena mbio. Lakini ukishitakiwa, uliza kosa ni lipi, dai wakili au mtetezi kabla hujatoa maelezo, na usisaini usichokisoma, hata anayekusimamia awe na nyota mabega yote mawili. Ukivaa kombati hujavua haki zako.

Umenielewa?

Eti "ndiyo, mama"! Sitaki. Niambie kwa maneno yako mwenyewe umeelewa nini.

Enhee! Hapo sasa umesema. Mungu akutangulie mwanangu, akulindie ulimi na mkono wako, akurudishe nyumbani kichwa juu. Haya, vaa buti zako.